Metali nzito bustanini Tanga: udongo ndio unaoamua zipande kwenye mchicha au zibaki chini

Mkulima akiambiwa udongo wake una risasi, swali lake la kwanza huwa "kiasi gani?" Ni swali halali, ila peke yake halimsaidii. Bustani mbili zinaweza kuwa na kiasi kilekile cha kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, kwa kila kilo ya udongo, mchicha wa moja ukawa salama na wa pili usifae kuliwa. Sehemu kubwa ya metali imefungwa ndani ya vijiwe vya udongo au imeng'ang'ania juu ya chembe zake. Mizizi hunywa tu kile kilichokwisha kuyeyuka kwenye maji ya udongo, pamoja na kile kinachoachia kwa urahisi. Hicho ni kiasi kidogo cha jumla yote, na ukubwa wake hutegemea tindikali, mfinyanzi, mboji, maji na chumvi ya mahali pako.

Tanga jambo hili lina uzito wake kwa sababu udongo hubadilika ndani ya safari fupi. Pwani, kuanzia Sahare mpaka Mwambani, maeneo mengi yana udongo mwepesi juu ya mawe ya matumbawe, na chokaa humo haikosekani. Pongwe na Amboni ni nchi ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yenyewe yamechongwa humo. Ukifika Muheza unakuta udongo mwekundu, na ukipanda Amani unakuta udongo ambao mvua za miaka mingi zimeuosha ukabaki mchachu. Ushauri unaomfaa mtu wa Amani unaweza kumharibia mtu wa Sahare. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mwaga chokaa tu, metali zitatulia", muulize kwanza anazungumzia udongo wa wapi.

Hatua ya 1: Uliza eneo lilikuwa la nini

Hatua hii haina gharama, na mara nyingi inafichua mengi kuliko kipimo. Waulize wazee wa mtaa: hapa palikuwa na gereji bubu? Fundi betri? Watu wa vyuma chakavu? Takataka zilichomwa upande gani? Kila jibu lina metali yake.

Betri za gari huacha risasi, tena pamoja na asidi, na huo ndio mchanganyiko mbaya kuliko yote kwa sababu zilizo katika hatua ya pili. Rangi za zamani za milango na madirisha nazo zina risasi. Maji yanayotiririka kutoka kwenye mabati hushusha zinki. Mbao zilizotiwa dawa ya kijani dhidi ya mchwa huweza kuwa na shaba, kromiamu na aseniki, na zikichomwa sehemu kubwa yake hubaki kwenye majivu. Mbolea za fosfati huja na kadimiamu kidogo, kulingana na mwamba zilikotoka. Samadi ya kuku wa kisasa ina shaba na zinki kutoka kwenye chakula chao. Kandokando ya barabara kuu bado kuna risasi ya petroli ya zamani, ingawa nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006. Mji wetu unasifiwa kwa "waja leo waondoka leo". Risasi haina tabia hiyo, ikishaingia kwenye udongo wa juu hukaa vizazi. Na kwa walioko Handeni karibu na wachimbaji wadogo wa dhahabu, la kuulizia ni zebaki.

Chora ramani ya bustani kwenye karatasi, ugawe vipande kwa historia zake: ukutani, chini ya paa, palipochomwa taka, katikati. Usivichanganye mpaka mwisho wa mwongozo huu.

Hatua ya 2: Pima tindikali

Kama una nguvu ya kupima kitu kimoja tu, pima pH, namba inayoonyesha uchachu wa udongo: 7 ni katikati, chini yake ni tindikali. Namba hii ikishuka kwa moja, mathalani kutoka 6 hadi 5, tindikali imeongezeka mara 10. Chembe za tindikali huwania sehemu zilezile zinazoshikwa na metali, na zikizidi huzing'oa. Papo hapo zile chumvi na oksidi zilizozifunga metali huanza kuyeyuka.

Metali hazilegei zote kwa pamoja. Kadimiamu ndiyo nyepesi kuhama: huanza kuachia pH inaposhuka chini ya 6.5 hivi. Zinki hufuata kwenye 6 au pungufu kidogo, nikeli kwenye 5.5. Shaba husubiri mpaka karibu 4.5, na risasi ni ngumu kuliko hizo, hulegea sana karibu na 4. Ndiyo maana mchicha katika udongo mchachu hujaa kadimiamu hata pale ambapo jumla yake si ya kutisha, wakati risasi ya bustani hiyohiyo imekaa kimya ardhini. Na ndiyo maana palipomwagwa maji ya betri ni pabaya: asidi yake inaweza kukifikisha kipande kidogo cha ardhi kwenye pH ambayo hata risasi inahama.

Kuna kundi linalokwenda kinyume. Aseniki, molibdenamu na kromiamu ya aina ya sita hazitembei zikiwa na chaji chanya kama wenzake. Husafiri zikiwa zimeungana na oksijeni, na chaji zao ni hasi. Hizi huzidi kulegea pH inapopanda. Mwenye udongo wa matumbawe wenye pH ya 8 asijione amepona kila kitu. Kadimiamu na risasi kwake zimetulia, lakini zile mbao za kijani alizozungushia tuta ni habari nyingine.

Kupima nyumbani: nunua karatasi za pH kwenye duka la vifaa vya maabara. Chota udongo wa kina cha sentimita 0 hadi 20, uanike kivulini, uponde mabonge. Weka sehemu moja ya udongo na sehemu mbili na nusu za maji kwenye kikombe cha plastiki, koroga, acha nusu saa, koroga tena, subiri utope utuame, kisha chovya karatasi kwenye maji ya juu. Maji ya kisima cha pwani hayafai kwa kazi hii, yana chokaa na chumvi zake. Tumia maji ya mvua uliyokinga moja kwa moja kwenye beseni safi, au maji yaliyotoneshwa yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongezea betri. Soma lebo mara mbili hapo, kwa sababu asidi ya betri huuzwa kwenye chupa zinazofanana nayo.

Kisha dondosha siki kwenye udongo mkavu. Ukisikia inachemka na kuona mapovu madogo yakipanda, chokaa imo, na pH yako kwa hakika iko juu ya 7. Mwenye udongo wa namna hiyo asinunue chokaa hata gunia moja.

Hatua ya 3: Finyanga mkononi

Lowanisha udongo kiasi cha kujaa kiganja, ukande kama unga wa chapati mpaka usiwe na vibonge, kisha usukume kwa kidole gumba juu ya kidole cha shahada utoke utepe. Udongo wa kichanga hautoi utepe kabisa, unakatika na kukwaruza. Tifutifu hutoa utepe wa sentimita mbili au tatu. Mfinyanzi hutoa utepe mrefu zaidi ya sentimita tano, unaong'aa mahali kidole kilipopita.

Mfinyanzi una chaji hasi juu ya chembe zake, na metali nyingi zilizoyeyuka zina chaji chanya. Ila mfinyanzi na mfinyanzi hutofautiana sana. Wataalamu hupima uwezo huo wa kushika kwa kipimo cha sentimoli kwa kilo: mfinyanzi wa udongo mwekundu uliochakaa kwa mvua hushika 3 hadi 15 tu, ule mweusi wa mbugani unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi hushika 80 hadi 120, na mboji iliyoiva huweza kupita 200. Mchanga mtupu wa pwani hushika kidogo mno. Basi ukisikia "udongo wangu ni mfinyanzi, uko salama", angalia rangi yake na nyufa zake kwanza.

Udongo mwekundu una silaha nyingine. Wekundu ule ni oksidi za chuma, na oksidi hizo, pamoja na za manganizi, hushika risasi na aseniki kwa nguvu kubwa. Mradi zisijae maji, nitalirudia hilo.

Hatua ya 4: Kagua mboji

Mboji hushika shaba na risasi kuliko inavyoshika kadimiamu na zinki. Udongo mweusi unaonuka vizuri, wenye minyoo, una kinga ya kweli. Lakini mboji huoza, na kwa joto letu huoza haraka. Ikiisha, kile ilichokuwa imekishika huachiwa. Na samadi mbichi hutoa majimaji ya kahawia yaliyojaa vijenzi vyepesi vinavyobeba shaba na kushuka nayo hadi kwenye maji ya chini. Kwa hiyo iwe imeiva, na iongezwe kila msimu.

Hatua ya 5: Angalia maji yanavyokaa, na chumvi yake

Chimba shimo la sentimita 40. Ukikuta udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu, mahali hapo hujaa maji sehemu ya mwaka. Udongo uliokosa hewa hubadilisha tabia za metali, na si kwa upande mmoja. Oksidi za chuma huyeyuka, na aseniki iliyokuwa imeshikwa nazo huachiwa. Kadimiamu kwa upande wake huungana na salfaidi ikatulia. Mkulima wa mpunga wa kule Mombo, Korogwe, kama shamba lingekuwa na metali hizi, angekuwa na mtihani wa pande mbili: akiacha maji yatuame anaitoa aseniki, akiyakausha mapema kabla ya kuvuna anaifungua kadimiamu. Japani walilipa gharama kubwa kwa jambo hili: katika bonde la Mto Jinzu, kadimiamu ya machimbo iliingia kwenye mpunga na kuwaletea watu ugonjwa wa mifupa ulioitwa itai-itai, ambao serikali iliukubali kuwa umetokana na uchafuzi huo mwaka 1968.

Tope la mikoko nalo lina siri. Likiwa chini ya maji limejaa salfaidi na metali zake zimetulia. Ukilichimba ukalianika ili upate udongo "wenye rutuba" wa bustani, salfaidi hukutana na hewa na kuwa asidi ya salfuriki. pH inaweza kushuka chini ya 4, na hapo kila kilichokuwa kimelala kinaamka. Liache huko huko na mikoko yake, ambayo kwanza inalindwa kisheria.

Halafu chumvi. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi. Kloridi iliyomo huikumbatia kadimiamu ikawa kitu ambacho udongo haukishiki vizuri, na mimea huinyonya kwa wingi zaidi hata pH ikiwa nzuri. Australia waliliona hilo wazi kwenye viazi. Onja maji ya kisima chako. Ukiisikia chumvi ulimini, hesabu kuwa kadimiamu kwako imepata usafiri, na kama una maji ya mvua au ya bomba, yaelekeze kwenye mboga za majani kwanza.

Hatua ya 6: Peleka sampuli, uliza vipimo viwili

Kwa kila kipande cha ramani yako, chukua vijisampuli 10 hadi 15 kwa mwendo wa zigizaga, kina cha sentimita 20. Tumia ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati hukwaruzika ikakuongezea zinki ambayo shamba halina. Changanya vizuri, chukua nusu kilo, anika kivulini, funga kwenye mfuko safi, andika jina la kipande na tarehe.

Kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) cha Mlingano, wilayani Muheza, kina historia ndefu ya kazi za udongo na mkonge, na hapo ndipo pa kuanzia kuulizia. Kuna pia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Piga simu kabla ya kusafiri, uulize kama wanapima metali unazozitaka, kwa sababu kipimo cha kawaida cha rutuba hakizigusi.

Omba jumla ya metali na pia kile kinachopatikana kwa mmea. Cha pili hupimwa kwa kimiminika dhaifu kinachokamua metali zilizo legelege tu. Kinachojulikana zaidi ni DTPA, njia iliyochapishwa na watafiti Lindsay na Norvell mwaka 1978 kwa ajili ya udongo wenye pH ya kati na ya juu. Kwa udongo mchachu wa milimani, kloridi ya kalsiamu hutoa picha inayoaminika zaidi. Usilinganishe namba za njia mbili tofauti, hazisemi kitu kimoja.

Jumla inakusaidia kujua ukubwa wa tatizo. Udongo usiochafuliwa mara nyingi huwa na risasi ya miligramu 10 hadi 40 kwa kilo, na kadimiamu isiyofika 1. Marekani mwaka 2024 ilishusha kiwango chake cha tahadhari cha risasi kwenye udongo wa makazi kutoka 400 hadi 200. Ukiweza, pima na mboga yenyewe: Codex, kanuni za kimataifa za chakula, imeweka ukomo wa miligramu 0.3 za risasi na 0.2 za kadimiamu kwa kilo ya mboga za majani mbichi. Nikilazimishwa kuchagua kipimo kimoja kwa pesa zangu, nitapima mchicha.

Hatua ya 7: Tibu kulingana na ulichokikuta

Hakuna tiba hapa inayoondoa metali. Unazifunga, na kifungo kinaweza kufunguka.

Kama pH iko chini ya 6 na shida yako ni kadimiamu, zinki, nikeli au risasi, weka chokaa ya kilimo ukilenga 6.5 hadi 7. Udongo wa kichanga huhitaji gramu 100 hadi 200 kwa mita moja ya mraba ili kupandisha pH kwa namba moja. Mfinyanzi huhitaji 300 hadi 500. Tuta la mita 1 kwa 10 la kichanga litachukua kilo moja hadi mbili. Chokaa ya kupakia nyumba ina nguvu zaidi, tumia robo tatu ya kiasi hicho na vaa glavu, inaunguza. Changanya mpaka kina cha jembe, mwagilia, subiri wiki mbili au tatu kabla ya kuweka samadi au mbolea ya naitrojeni, la sivyo naitrojeni itapotea hewani. Majivu ya kuni safi yanafaa pia ingawa ni dhaifu. Majivu ya mbao zilizopakwa rangi au ya tairi yanakuletea kilekile unachokikimbia.

Kama kuna aseniki, usipandishe pH. Ongeza oksidi za chuma kwa kuleta udongo mwekundu safi, na toa maji yasituame.

Mboji iliyoiva, kilo 2 hadi 4 kwa mita ya mraba kila msimu, inafaa karibu kila mahali, na kwenye kichanga cha pwani ndiyo tiba ya kwanza. Mabaki ya mkonge ni mengi Tanga na yanafaa, ila yakiwa mabichi ni makali na yana tindikali. Yarundike pamoja na majani makavu na samadi mpaka yawe meusi na yapoe. Takataka za dampo zisizochambuliwa usiziite mboji.

Kwa risasi, mbolea ya fosfati hutengeneza madini magumu sana kuyeyuka. Lakini fosfati humsukuma aseniki atoke alikoshikwa, basi isitumike mahali zote mbili zipo. Na pale ambapo udongo una upungufu wa zinki, jambo la kawaida kwenye udongo wa chokaa, zinki kidogo ya mbolea hushindana na kadimiamu mlangoni mwa mzizi na kuipunguza.

Kipande kilichokuwa cha fundi betri, mimi nisingekitibu kwa ajili ya mboga. Kifunike kwa sakafu au nyasi nene, na bustani ihamie kwenye matuta yaliyoinuliwa, yenye udongo safi wa sentimita 30 juu ya turubai.

Hatua ya 8: Panga mazao na jikoni

Mboga za majani ndizo zinazobeba kadimiamu nyingi: mchicha, spinachi, saladi. Nyanya na mahindi hupeleka kidogo zaidi kwenye tunda au punje. Kipande chenye mashaka kipe mahindi, mchicha upeleke kipande safi.

Risasi hupanda kwa shida kupitia mizizi, ila huruka na vumbi na kurushwa na matone ya mvua mpaka kwenye majani. Tandaza nyasi kavu chini ya mboga, osha majani kwa maji yanayobadilishwa mara tatu, menya mihogo na viazi, maganda tupa. Kadimiamu imo ndani ya jani lenyewe, na kuosha hakuitoi.

Kuna watu ambao pH nzuri ya udongo haiwakingi: mtoto anayecheza chini kisha anatia mkono mdomoni, na mjamzito anayekula udongo, ule wanaouita pemba. Tindikali ya tumbo ni kali kuliko ya udongo wowote wa Tanga, nayo huifungua risasi ambayo mizizi ilishindwa kuifungua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mama mjamzito akitamani udongo, apelekwe kliniki akapimwe upungufu wa damu, maana hamu hiyo mara nyingi huendana nao.

Baada ya miezi sita pima pH tena, kisha kila mwaka kabla ya masika. Ukitumia mbolea za naitrojeni za SA au urea mara kwa mara, tindikali inarudi. Mbolea ya CAN ni pole zaidi kwenye tuta uliloliwekea chokaa. Andika tarehe, kipande, pH na ulichoweka kwenye daftari moja linalokaa pamoja na mbegu. Kipande ambacho namba yake imeshuka chini ya 6 kipewe chokaa kwanza, mchicha usubiri.